Nyumba ya Mnara Iliyogeuka Nyumba ya Shamba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu hasa minara ya mawe ya mpaka wa Uingereza na Uskoti, iliyojengwa kati ya karne ya 14 na ya 16, ambayo baadaye ilikaliwa na wakulima. Mingine bado ina trekta uani hadi leo. Ukitaka kujua ng'ombe na maziwa viliibadilishaje, ruka moja kwa moja hadi swali la 12.

## Mambo ya msingi

1. Nyumba ya mnara ni nini hasa? Ni ngome?

Ni makazi ya familia moja yaliyopangwa kwenda juu badala ya kutandaa chini. Vyumba vitatu au vinne vinapandana, kimoja juu ya kingine, ndani ya kuta za mawe zenye unene wa mita moja hadi mbili, pengine zaidi.

Kuiita ngome ni kuikweza. Mwenye ngome alikuwa na askari. Mwenye mnara alikuwa na ndugu, wapangaji na mifugo. Mnara haukujengwa ili kukabili jeshi lenye mizinga. Ulijengwa ili kuvuka usiku mmoja. Wavamizi walikuja juu ya farasi, wakaswaga ng'ombe na kondoo, wakataka wawe wamefika kwao kabla majirani hawajakusanyika. Aliyeweza kujifungia kwa saa chache alipona, hata kama zizi lilibaki tupu.

Upande wa Uingereza minara hii huitwa pele, neno linalotamkwa kama "pil". Asili yake ni Kilatini *palus*, mti uliochongwa ncha. Jina lilianza na ua wa miti iliyosimikwa ardhini, likahamia kwenye mnara wa mawe uliosimama ndani ya ua huo.

2. Kwa nini ni mingi sana mpakani?

Kwa sababu ya vita vilivyogeuka desturi. Edward wa Kwanza aliivamia Uskoti mwaka 1296. Waskoti walijibu, na mwaka 1322 walishuka kusini hadi wakauchoma mji wa Lancaster. Baada ya hapo, hata falme mbili zilipokuwa na amani, watu wa mpakani waliendelea kuibiana mifugo kwa karibu miaka 300. Akina Armstrong, Graham, Elliot na Robson waliiba pande zote mbili, na mara nyingi Mwingereza alimwibia Mwingereza mwenzake. Msimu mkuu ulianza vuli, ng'ombe wakiwa wamenona na usiku ukiwa mrefu.

Serikali nazo zilisukuma ujenzi. Sheria ya Bunge la Uskoti ya mwaka 1535 ilimtaka kila mwenye ardhi ya thamani ya pauni 100 mpakani ajenge boma la mawe na chokaa lenye upande wa futi 60, yaani mita 18 hivi, na kuta za kwenda juu karibu mita 5.5. Mnara ndani ya boma uliachwa kwa hiari yake.

3. Minara ya namna hii ipo kwingine?

Ipo. Ireland ina mingi mno. Mwaka 1429 mfalme aliahidi pauni 10 kwa mtu wa kaunti za Dublin, Meath, Kildare na Louth atakayejenga mnara wa futi 20 kwa 16, wenye kimo cha futi 40. Piga hesabu: ni kama mita 6 kwa 5. Ukiondoa unene wa kuta, kinachobaki ndani ni chumba ambacho leo tungekiita kidogo.

Katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1457 Mfalme Enrique wa Nne wa Castilla, akiwa amechoshwa na koo zilizokuwa zikiuana, aliamuru minara yao ikatwe vichwa. Nyumba ya Loyola, alikozaliwa Mtakatifu Ignatius mwaka 1491, inasimulia hayo bila kuhitaji kibao: chini mawe ya vita, juu matofali ya amani.

4. Pele na basteli vinatofautianaje?

Basteli ni ndugu mdogo. Ni nyumba ya mkulima yenye ghorofa moja tu juu, ndefu kuliko ilivyo pana, na ilijengwa zaidi kati ya mwaka 1550 na 1650. Ng'ombe walilala chini, watu wakalala juu, na mlango wa watu ulifikiwa kwa ngazi iliyoweza kuvutwa ndani. Black Middens, Northumberland, ni mfano unaotembelewa na wengi.

Kwa hiyo basteli haikugeuzwa kuwa nyumba ya shamba, ilizaliwa hivyo. Pele ilikuwa ya kabaila mdogo au ya padri, na shamba likaihamia baadaye. Watu huchanganya hizi mbili kila siku, kisha wakaanza kutafuta alama za kwato katika chumba kilichokuwa cha mapipa.

## Ndani ya mnara

5. Kila ghorofa ilikuwa na kazi gani?

Chini palikuwa ghala. Juu yake palikuwa ukumbi, ambapo watu walikula, wakapokea wageni na kuota moto. Juu zaidi palikuwa chumba cha bwana na bibi. Kama kulikuwa na ngazi ya nne, ilikuwa ya watoto, watumishi au yeyote aliyekosa pa kulala.

Kadiri ulivyopanda, ndivyo madirisha yalivyopanuka. Chini kulikuwa na tundu jembamba la kupitisha hewa. Juu, pasipofikiwa kwa ngazi ya mvamizi, palikuwa na dirisha la kukalia lenye viti viwili vya mawe vilivyochongwa ndani ya ukuta. Mtu wa Lamu au Unguja atakumbuka daka na viti vyake: pale ukuta ni mnene, unene wenyewe unakuwa samani.

6. Kwa nini chumba cha chini kina dari ya mawe yenye umbo la tao?

Kwa ajili ya moto. Mvamizi aliyeshindwa kuingia alirundika majani mabichi mlangoni na kuwasha ili moshi uwatoe waliomo. Dari ya boriti ingeshika moto na nyumba nzima kwisha. Dari ya tao inaweza kuungua chini yake kila kitu na ghorofa za juu zikabaki.

Tao lina gharama yake: linasukuma kuta kwenda nje, kwa hiyo kuta lazima ziwe nene na chumba kiwe chembamba. Kwenye pwani yetu upana wa chumba ulipangwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haizidi sana mita 3. Huku ulipangwa na tao. Fundi wa pande zote mbili alianza na swali lile lile: kitu gani kitabeba dari?

Ghorofa za juu zilikuwa za mbao, nazo ndizo zilizooza kwanza. Ndiyo maana katika magofu mengi unakuta chumba cha chini kizima kabisa na juu yake anga.

7. Mlango ulilindwaje?

Kwa milango miwili. Wa nje ulikuwa wa mbao nzito, na nyuma yake lango la nondo za chuma lililofungwa kwa komeo lililozama ukutani. Lango la Kiskoti lilifuliwa kwa ustadi ambao wahunzi wa leo bado husimama kuutazama: katika robo mbili za lango nondo za wima zimepenya ndani ya zile za mlalo, na katika robo mbili nyingine za mlalo ndizo zimepenya ndani ya zile za wima. Huwezi kulifumua kwa kuchomoa nondo moja.

Mwaka 1606, Baraza la Mfalme huko Uskoti liliagiza malango ya chuma ya nyumba za mpakani yang'olewe na chuma chake kifuliwe plau. Yaliyofichwa au kusahauliwa ndiyo tuliyonayo.

8. Ni kweli ngazi huzunguka kuelekea kulia ili mlinzi apate nafasi ya upanga?

Ni hadithi tamu, na kila mwongoza watalii anayo. Ushahidi wake ni hafifu. Maelezo hayo yalienea mwanzoni mwa karne ya 20, na minara yenye ngazi zinazozunguka upande wa pili ipo ya kutosha. Katika nyumba nyembamba ngazi iliwekwa kwenye pembe iliyofaa kwa mlango na ukumbi. Isitoshe, adui akishafika kwenye ngazi yako, vita vimekwisha.

Wenyeji wa mpakani husema akina Kerr walizungusha ngazi zao kinyume kwa kuwa ukoo mzima ulikuwa wa watu wa mkono wa kushoto. Isimulie kama ilivyo, usiijengee nadharia.

9. Choo kilikuwa wapi?

Ndani ya unene wa ukuta: kijichumba chenye kiti cha jiwe au ubao wenye tundu, na bomba la mawe lililoshuka hadi nje chini ya mnara. Wakulima waliofuata walivigeuza kabati au wakaviziba. Ukiona kabati lenye kona ya ajabu na tundu jembamba la dirisha, sasa unajua.

10. Juu ya paa kulikuwa na nini?

Njia ya kutembea nyuma ya ukuta wa meno, yaani ukuta mfupi wa ukingoni wenye mapengo, na mahali pa kuwasha moto wa kuonya. Sheria ya Uskoti ya mwaka 1455 iliweka hata lugha ya mioto hiyo: mmoja, kuna habari wanakuja, miwili, wanakuja kweli, minne, wanakuja kwa nguvu kubwa.

Ukuta wa meno ulihitaji kibali cha mfalme upande wa Uingereza. Tutauona tena katika swali la 12, maana ndio uliowasumbua wakulima kuliko kitu kingine chochote.

## Mnara unapogeuka shamba

11. Mabadiliko yalianza lini?

Mwaka 1603 Elizabeth wa Kwanza alifariki, na James wa Sita wa Uskoti akawa pia James wa Kwanza wa Uingereza. Mpaka ukawa katikati ya milki ya mtu mmoja. Mfalme mwenyewe alipenda kuuita "kaunti za kati". Wezi walinyongwa, wengine wakahamishwa, na ndani ya miongo michache sababu ya kuishi nyuma ya lango la chuma ikatoweka.

Lakini jambo lililogeuza minara kuwa mashamba halikuwa amani yenyewe. Lilikuwa kuhama kwa mwenye nyumba. Familia zenye uwezo zilijijengea nyumba pana zenye madirisha ya kioo, au zikahamia kwenye mali nyingine, na mnara ukakodishwa kwa mkulima. Mpangaji hana ukoo wa kuutukuza wala nembo ya kuipigia chokaa. Anataka mlango unaopitisha pipa, chumba kinachotunza siagi, na paa lisilovuja. Ukitaka kuielewa nyumba ya namna hii, fikiri kama mpangaji.

12. Mkulima alibadilisha nini?

Alianza na mlango. Wa zamani ulikuwa mwembamba kwa makusudi, au ulikuwa juu. Mkulima alitoboa mwingine usawa wa ardhi, ukutani palipokuwa karibu na ua. Kutoboa ukuta wa mita moja na nusu ni kazi ya wiki nyingi, kwa hiyo mara nyingi alichagua mahali palipokuwa na tundu la dirisha akalipanua. Tazama juu ya mlango wa namna hiyo. Huenda utaona nusu ya fremu ya mawe ya dirisha la kale imebaki ikining'inia.

Kisha paa. Paa la mnara lilikaa nyuma ya ukuta wa meno, na maji ya mvua yalikusanyika kwenye mfereji kati ya hivyo viwili, yakatolewa kwa mabomba ya mawe. Mfereji huo ukiziba majani au barafu, maji yanaingia ndani ya kiini cha ukuta. Kwa mwenye cheo ukuta wa meno ulikuwa fahari. Kwa mpangaji ulikuwa uvujaji wa kila masika. Aliubomoa, akashusha kuta kidogo, akapitisha paa jipya juu yake hadi nje ili maji yadondoke chini moja kwa moja. Ndiyo maana minara mingi ya mashamba ina paa la kawaida kabisa na huonekana kama nyumba ndefu iliyosimama wima kwa bahati mbaya.

Tatu, aliongeza ubawa. Familia ya shamba haiwezi kupanda ngazi ya konokono na ndoo za maji mara 20 kwa siku. Nyumba ya ghorofa mbili ilijengwa ubavuni mwa mnara, au pale palipokuwa tayari na ukumbi wa zamani iliunganishwa nao. Jiko likahamia huko, na dohani kubwa ikajengwa. Mnara ukawa chumba cha nyuma: ghala la sufu, nafaka, jibini, vitu visivyotupwa.

Boma nalo halikupotea. Kuta zake zikawa mgongo wa mabanda ya ng'ombe na ghala la nyasi kavu. Huko Cumbria, kwenye eneo la maziwa ya maji (Lake District), pale ardhi ilipoinama, walijenga ghala la ngazi mbili: ng'ombe chini, na gari la nyasi likiingia moja kwa moja ghorofani kutoka upande wa juu wa mteremko.

13. Kwa nini baadhi ya madirisha yamezibwa kwa mawe?

Sababu inaweza kuwa baridi, inaweza kuwa ngazi mpya iliyopita hapo. Inaweza pia kuwa kodi. England na Wales zilitoza kodi ya madirisha kuanzia mwaka 1696 hadi 1851, na aliyekuwa na madirisha mengi alilipa zaidi.

Kodi hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma uliowafaa wakulima: chumba cha maziwa na chumba cha jibini vilisamehewa, mradi jina la chumba liandikwe mlangoni. Ukikuta maneno ya Kiingereza ya "maziwa" au "jibini" yamechorwa juu ya mlango wa zamani, usidhani mama wa nyumba alikuwa msahaulifu. Alikuwa anamwandikia mtoza kodi.

14. Chumba cha chini chenye tao kilifaa nini?

Maziwa. Kilikuwa na kuta nene, dari ya mawe, tundu dogo la hewa na sakafu ya mawe juu ya udongo, kwa hiyo joto lake halipandi wala kushuka haraka. Krimu hujitenga vizuri humo na siagi haiyeyuki. Wajenzi wa karne ya 14 waliokuwa wakiogopa moto wa adui walikuwa wamejenga, bila kujua, jokofu la mkulima wa karne ya 18. Nyama ya chumvi, viazi na mapipa ya bia vilifuata. Kulabu za chuma darini ni za nyama, si za mateso, hata kama kijana wa kukuonyesha nyumba ataapa.

15. Kwa nini hawakubomoa tu na kujenga upya?

Wengi walibomoa, na mawe yakaishia kwenye kuta za mashamba. Iliyobaki ni ile ambayo kuivunja kulikuwa na gharama kuliko kuitumia. Maoni yangu ni kwamba kilimo kimeokoa minara mingi kuliko mapenzi ya historia. Mnara wenye jibini ndani hupata vigae vipya mara tu kimoja kikianguka. Mnara wa kutazamwa tu ulisubiri fedha ambazo hazikuja.

16. Nitaiona wapi?

Drumburgh, karibu na ghuba ya Solway, ndiyo ningeanza nayo. Kibali chake cha ukuta wa meno ni cha mwaka 1307. Thomas, Lord Dacre, aliijenga upya mwanzoni mwa karne ya 16, na baadaye ikawa nyumba ya shamba. Nembo ya akina Dacre bado iko juu ya mlango wa ghorofani, unaofikiwa kwa ngazi ya mawe ya nje.

Kentmere Hall, Cumbria, inaonyesha hali nyingine: mnara wa karne ya 14 umebaki gofu, nyumba ya shamba iliyoshikamana nao inaendelea na maisha. Bernard Gilpin, mhubiri aliyeitwa Mtume wa Kaskazini, alizaliwa hapo mwaka 1517. Wenyeji husimulia kuwa boriti ya dohani iliinuliwa na jitu moja peke yake baada ya wanaume kumi kushindwa.

Yanwath Hall, karibu na Penrith, ina mnara na ukumbi wa kale vikiwa bado katika ua wa shamba. Clifton, si mbali na hapo, ni kinyume chake: nyumba iliyoungana na mnara ilibomolewa katika karne ya 19, mnara ukaachwa umesimama peke yake uani.

Upande wa Uskoti, nenda Smailholm. Mnara wenye kimo cha mita 20 uliachwa juu ya mwamba, na maisha yakashuka hadi shamba la Sandyknowe chini yake. Mtoto mgonjwa aliyelelewa katika shamba hilo, akiutazama mnara, alikuwa Walter Scott, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya.

Drumburgh, Kentmere na Yanwath ni nyumba za watu. Kuiona nyumba kutoka barabarani si kualikwa ndani.

## Kusoma kuta

17. Nitajuaje sehemu ipi ilitangulia?

Tafuta mshono. Pale majengo mawili ya nyakati tofauti yanapokutana, mawe hayaingiliani. Kuna mstari wa wima kutoka chini hadi juu. Upande wenye mawe makubwa ya pembeni yaliyopangwa kikamilifu, refu kwa fupi, ndio uliotangulia, kwa sababu wakati huo ile ilikuwa kona ya nje. Upande uliokuja kuegemea hauna kona yake mwenyewe.

Baada ya hapo pima unene wa ukuta kwenye kila dirisha. Ukitoka ukuta wa sentimita 60 na kuingia wa mita moja na nusu, umevuka kutoka ubawa kwenda mnara, hata kama rangi na zulia ni vilevile.

18. Kuna jiwe lenye maandishi ya Kilatini kwenye ukuta. Inawezekana?

Inawezekana sana. Ukuta wa Hadrian, uliojengwa na Warumi, unakatiza nchi hiyo hiyo, na kwa zaidi ya miaka elfu moja ulikuwa machimbo ya bure yenye mawe yaliyokwisha kuchongwa. Mnara wa padri wa Corbridge ulijengwa kwa mawe ya mji wa Kirumi uliokuwa jirani, na Drumburgh yenyewe ilichukua mawe ya ukuta huo. Usilisugue wala kuling'oa. Litaarifiwe kwa ofisi ya mambo ya kale ya eneo hilo.

19. Ukuta mnene ni uthibitisho wa mnara?

Hapana. Kinu, ghala la nafaka na hata dohani kubwa huwa na kuta nene. Karne ya 19 nayo ilipenda kuongeza minara ya urembo kwenye nyumba za wenye fedha. Mnara wa urembo una kuta nyembamba, madirisha mapana chini, na hauna tao. Ukikosa tao, ngazi ndani ya ukuta na tundu jembamba la chini kwa pamoja, punguza furaha.

## Kuishi humo na kuutunza

20. Kuta nene zinafanya nyumba iwe na joto?

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki huuliza hivi kwa sababu nyumba ya mawe yenye kuta nene kwetu ni raha: joto la mchana linachelewa kuingia. Kanuni ni ile ile, majira ndiyo tofauti. Ukuta mnene wa mawe hauzuii joto kupita, unalichelewesha tu. Ukiwasha moto Ijumaa jioni katika mnara uliokuwa umefungwa, utaupasha ukuta moto wikendi nzima na kuondoka Jumapili ndipo unaanza kukurudishia. Aliyeishi humo miaka yote hakuacha moto uzimike.

21. Nizibe nyufa kwa saruji?

Usifanye hivyo. Ukuta wa mnara ni nyuso mbili za mawe na katikati kifusi kilichomiminiwa chokaa. Maji huingia, hilo huwezi kulizuia. Swali ni yatatokaje. Chokaa inayaruhusu kutoka kupitia viungo. Saruji inayafungia ndani, yanatafuta njia kupitia jiwe lenyewe, na baridi kali ikija yanaganda na kuumua uso wa jiwe. Nimeona kuta ambazo saruji imesimama kama utando wa buibui na mawe yameliwa kati yake.

Chokaa yao hutokana na mawe ya chokaa yaliyochomwa, yetu na matumbawe, lakini kemia ni moja: inakauka kwa kunyonya hewa ya ukaa polepole. Kwao haipigwi joto likiwa chini ya nyuzi 5 hivi, kwa hiyo msimu wa mwashi ni masika hadi vuli.

Jambo jingine linalowashangaza wengi: minara mingi haikuwa na mawe wazi. Ilipigwa lipu ya chokaa na changarawe, ikapakwa chokaa. Kuibandua lipu ili "mawe yaonekane" ni kuivua nyumba koti la mvua.

22. Nahitaji kibali kubadilisha dirisha?

Kama jengo limeorodheshwa, yaani limo katika orodha rasmi ya majengo yanayolindwa kisheria, ndiyo, hata ndani. England ina madaraja matatu: la I, la II* na la II. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo yote yaliyoorodheshwa yako daraja la II, ilhali minara mizuri huangukia madaraja ya juu. Kufanya kazi bila kibali ni kosa la jinai, na mnunuzi anaweza kulazimishwa kurekebisha yaliyofanywa na muuzaji. Uliza kabla ya kununua.

23. Nusu ni gofu, nusu inakaliwa. Sheria ipi inatumika?

Huenda mbili. Nyumba inayokaliwa haiwezi kusajiliwa kama mnara wa kumbukumbu wa kale. Inalindwa kwa kuorodheshwa. Gofu lililo ubavuni linaweza kusajiliwa, na hapo hata kuchimba shimo la nguzo kunahitaji ruhusa nyingine. Mpaka kati ya sheria hizo unaweza kupita katikati ya ukuta mmoja. Pata ramani ya usajili kabla fundi hajaleta ngazi.

24. Kuna popo kwenye paa la mnara. Niwafukuze?

Popo wa aina zote wanalindwa kisheria Uingereza, pamoja na mahali wanapolala, hata kipindi ambacho hawapo. Kazi ya paa hupangwa kwa kuwafuata wao. Kunguru wadogo wanaojaza dohani vijiti ni shida nyingine: ngoja makinda yaruke, safisha, kisha funika kwa wavu.

25. Naweza kuondoa yote ya mkulima, ili mnara urudi ulivyokuwa karne ya 14?

Swali hili huja kila mwaka, kwa kawaida kutoka kwa mtu aliyenunua majuzi. Ofisi ya mipango itakukatalia, na mimi nipo upande wao. Huna mchoro wa karne ya 14. Una ukuta wenye tundu lililopanuliwa, na jiwe lililotolewa pale liko kwenye banda la ng'ombe au barabarani. Ukishusha paa la mkulima ili urudishe ukuta wa meno, utajenga meno ya kubuni, na ule mfereji wa swali la 12 utarudi nao.

Ukianza kuziba mlango wake wa maziwa, jitayarishe pia kuingia kwako kwa ngazi ya kuvuta, na friji ikiwa mgongoni.